Kamba Iliyokatika Kimya

Mwaka ule tulikula samaki mkavu mpaka nguo zetu zikanuka ziwa. Sisemi ziwa letu la Nakuru, maana siku hizo hilo halikuwa na samaki wa kuliwa, lilikuwa na ndege na harufu ya magadi, basi. Nasema ziwa la Kisumu. Samaki walikuja kwa gari moshi, wamekauka na kujikunja kama soli ya kiatu kuukuu, na ukiwapika chumba kizima cha landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa kiwanda, kinajaa moshi na nzi. Mboga hazikuwako. Wanawake wa Kikuyu waliokuwa wakituletea kabichi na viazi kutoka upande wa Bahati walipakiwa kwenye malori ya askari wakarudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali, na soko likabaki na mbwa na majani yaliyokanyagwa. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Kwa hivyo ukiniuliza ni mwaka gani sitakupa namba, nitakuambia tulikula nini: ugali wa posho ya kiwanda, wenye wadudu weusi ambao tulishazoea kuwatafuna bila kuwaangalia, na samaki mkavu, kutoka Jumatatu mpaka Jumapili.

Naandika haya kwa sababu wiki jana tumemzika Rael. Amelazwa Bahati, kwa shamba la kijana wake, watu wengi, hema mbili, chakula kizuri. Kijana wake wa kwanza alisoma karatasi ya maisha ya mama yake, akafika mahali pa kazi akasema, "Mama alifanya kazi katika kiwanda cha kamba," kisha akaenda mbele, kwa kanisa na wajukuu. Maneno mafupi hivyo. Mimi nilikuwa nimekalia kiti cha plastiki mstari wa mbele, bakora katikati ya magoti, na kati ya watu wote waliokaa pale ni mimi peke yangu niliyejua ndani ya maneno hayo mna nini. Na mimi miaka yangu imekwenda. Nikiondoka, yamekwisha. Mjukuu wangu Sharon, yule anayefanya kazi Olkaria, alininunulia daftari hili akaniambia, "Kukhu, andika." Nilimcheka. Herufi nilizijua ngumbaru, nikiwa tayari mama wa watoto wanne, na mpaka leo naandika kama kuku anatembea kwa majivu. Lakini namba nilizijua mapema. Namba nilizijua kiwandani.

Kiwanda kilikuwa karibu na reli. Makonge yalikuja kwa lori kutoka mashamba ya upande wa Rongai na Solai, yamefungwa marobota makubwa ambayo wanaume wanne walibeba wakilaani. Upande mmoja yalichanwa na kuchaguliwa, upande wa pili yalisokotwa kuwa nyuzi, na nyuzi kuwa kamba, na kamba ikazungushwa kuwa roli kubwa ambayo mtoto angeweza kulala ndani. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja la kioo na mlango ambao haukufunguliwa kwa nguvu, ili upepo usiingie. Hicho ndicho chumba cha kupima. Humo tulikuwa wanawake wawili: Rael, mama wa watoto watatu, mtulivu kama jiwe la kusagia, na mimi Nekesa, msichana wa miaka kumi na saba ambaye mdomo ulikuwa hautulii. Kila roli ilipokwisha, tulikata kipande, tukakifumua, tukatoa uzi mmoja mmoja na kuufunga kwenye meno ya mashine. Rael alizungusha gurudumu polepole. Mimi niliangalia sindano ikipanda kwenye uso wa chuma ulio kama saa ya ukutani, na uzi ukikatika nikataja namba. Rael akaandika. Chini ya namba fulani, roli inarudi kwa waliosokota, wanaifumua yote na kuirudia Jumamosi mchana, wakati wenzao wamekwenda zao. Juu ya namba hiyo, inapakwa rangi ya kijani kwenye lebo na kupelekwa stoo. Sharon juzi alinionyesha kwenye simu mashine ya kwao inayovuta chuma mpaka kinakatika, kwa sababu wao wanapima mabomba ya mvuke kabla hayajafungwa. Alidhani ananionyesha kitu kigeni. Nikamwambia, hiyo naijua, yetu tulizungusha kwa mkono.

Nitasema jambo moja la kujisifu, na sitaomba msamaha. Nilikuwa na sikio. Uzi mzuri hauachii kimyakimya. Ukifika mwisho unalia kwanza, nywele zake moja moja zikipasuka, kisha unakatika kwa mlio kama kuni kavu gotini. Uzi mbovu, ule uliooza kwa kulazwa na maji, au uliojaa nyuzi fupi za takataka, haulii. Unaachia tu, kama mtu aliyechoka kuongea. Ilifika mahali nikawa nageuzia sindano mgongo, nasikiliza tu, halafu nasema, "Huu umekufa." Rael anaangalia namba, kweli umekufa. Siku moja alimwambia Bwana, yule Mzungu mkubwa wa kiwanda tuliyemwita Bwana Mizani kwa sababu alipima hata chai ya wafanyakazi, alimwambia, "Huyu msichana anasikiliza uzi kama wewe unavyosikiliza redio." Bwana Mizani akaniweka mgongo kwa mashine, akafunga nyuzi kumi yeye mwenyewe. Nikazitaja zote kumi. Akasema kwa Kiswahili chake kile, "Wewe iko masikio ya mbwa," na kwa uso wake niliona ananisifu.

Sasa Barasa. Barasa alikuwa kwenye mashine ya kusokota namba tatu, mtu mrefu, mwenye mwanya, anayecheka kabla hajamaliza kusema kinachochekesha. Alikaa landi na mama yake, na mimi nilikaa vyumba viwili mbele, kwa shangazi yangu. Kwa sababu soko lilikuwa limekauka, Mama Barasa alikuwa akienda kando ya reli asubuhi na mapema kuchuma mrenda na mchicha wa mwituni kati ya mawe, na ndiyo mboga pekee ya kijani niliyoiona mwaka ule. Alipika kwa sufuria nyeusi, akaniita dirishani, "Nekesa, mwanangu, kuja ule, hao wa kwenu watakugeuza samaki." Nilikula kwake zaidi ya kwetu. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, cha mama, na mkeka wa Barasa umekunjwa nyuma ya mlango, na kalenda ya mwaka uliopita kwa sababu picha yake ilikuwa ya ng'ombe. Barasa alinichokoza mbele ya mama yake bila aibu.

"Huyu kazi yake ni kukata jasho letu," alisema. "Sisi tunasokota, yeye anakata. Mama, utataka mkamwana kama huyu?"

"Ana mkono mwepesi," mama alisema. "Na anakula kwa adabu, si kama wewe."

"Na mimi umenipima lini, Nekesa?"

"Nilishakupima," nikamwambia. "Ulikatika kabla sindano haijatoka sifuri."

Mama Barasa alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Ikawa ndiyo hadithi ya landi nzima. Watu wakimwona Barasa anapita wanamuuliza, "Sifuri, habari ya kazi?" Na yeye anaitikia, "Sifuri ni mzima." Nimezaa na mtu mwingine, mtu mwema, nikazika mtu huyo na kumlilia. Lakini kicheko kile cha chumba cha Mama Barasa, na mvuke wa mrenda, na mlango umeachwa wazi nusu, sijakipata tena mahali popote.

Kuna desturi moja ya kiwanda ambayo lazima niieleze, kwa sababu yote yaliyokuja yalitoka hapo. Waliosokota walijua tunakata kipande wapi. Tulikata mwisho wa roli, ule wa nje, ambao wao waliuita kichwa, kwa kuwa ukikata katikati umeiharibu roli, umepata kamba mbili fupi ambazo wanunuzi hawazitaki. Kwa hivyo kila kikundi kilikuwa kinaweka kando mkonge mzuri, mrefu, mweupe, na kuutumia mwanzo na mwisho wa roli tu. Waliiita kazi hiyo kuvisha kichwa. Katikati wanaweka chochote kilichopo. Bwana Mizani alijua, si mjinga, ndiyo akatoa amri kwamba katika kila roli kumi, moja ikatwe katikati, bila kuwaambia wenyewe ni ipi. Kwenye kitabu kulikuwa na mistari miwili: mmoja wa kichwa, mmoja wa katikati. Mwanzoni amri hiyo haikumsumbua mtu, maana mkonge ulikuwa mzuri wote. Lakini waliojua kuchagua mkonge ni wale wanawake wa Kikuyu, na wao wakachukuliwa na malori yale yale yaliyochukua mboga. Waliowekwa mahali pao hawakujua mzuri na mbovu. Mvua ikanyesha, marobota yakaja yamelowa, yana joto ndani kama samadi. Kila roli iliyokatwa katikati ikaanza kufa. Jumamosi mbili mfululizo kikundi cha Barasa kilifumua na kusokota upya mpaka jua likazama, wamevimba mikono, na Barasa akaja kula kwa mama yake bila neno moja la kuchekesha.

Jumamosi ya tatu tulikuwa na ahadi. Mhindi mmoja mjini alikuwa na studio, na Barasa alitaka tupigwe picha ya kupeleka kwetu, wazee wangu wamwone, kisha watu wake waende kuongea na watu wangu. Aliazima koti kwa mtu wa reli. Mama yake alikuwa amelifua shati lake Jumatano na kulificha ili asilivae kabla ya siku. Ijumaa mchana roli ya kumi ikaja kwenye meza yetu, na ilikuwa ya mashine namba tatu. Barasa mwenyewe aliibeba, akaiweka, akasimama pale akijifuta jasho. Hakuniomba. Hilo nataka lijulikane, hakuniomba. Aliuliza tu, "Ni hii?" Nikasema, "Ni hii." Akaangalia chini, akasema, "Basi," akatoka.

Nikakata kichwa. Uzi ukalia vizuri, ukapasuka kama kuni. Rael akaandika namba, akachukua kisu kunipa nikate katikati. Sikukipokea. Nilimwambia, "Ya katikati andika ile ile, toa mbili." Rael alikiweka kisu mezani. Alijua habari ya picha, kila mtu alijua. Alisema, "Nekesa, kitabu hiki si chetu." Nikamjibu, "Ni kamba tu, Rael. Itafunga mbuzi wa mtu." Akaandika. Nikachukua brashi, nikapaka rangi ya kijani mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Picha ninayo. Iko ndani ya Biblia, imekuwa rangi ya chai. Barasa amesimama, mikono ya koti imemwishia mbali na viganja kwa sababu mwenye koti alikuwa mfupi, na anajaribu kufunga mdomo mwanya usionekane. Mimi nimekaa, miguu pamoja, nimekunja uso kama askari. Jumamosi ile tulitembea kutoka mjini mpaka landi kwa njia ndefu, tukala karanga, na akaniambia tukioana nitaacha kazi ya kukata vitu. Nilimwambia siachi. Tukabishana njia nzima, kwa raha.

Zilipita kama wiki tatu. Roli ile haikununuliwa kwa haraka, ikakaa stoo na lebo yake ya kijani. Kamba ya winchi ya kupandishia marobota juu ya rafu ikachakaa, na mwenye stoo akafanya kile ambacho ni haki yake kufanya: akachukua roli iliyokuwa karibu, akaangalia lebo, ni ya kijani, akaifunga. Ilikuwa Jumanne. Mashine namba tatu ilikuwa imesimama kwa kukosa mkonge, kwa hivyo kikundi kikatumwa stoo kusaidia kupakua lori. Mimi nilikuwa nazungusha gurudumu siku hiyo, Rael anaandika, tukasikia kishindo ambacho kilitikisa sindano kwenye mashine, halafu kimya, halafu wanaume wakaita majina ya wenzao ili wajue nani yuko na nani hayuko. Barasa hakuitika.

Sikumwona. Walinizuia mlangoni, na nashukuru. Kijana mmoja wa kikundi chake alikuwa amekaa kwenye ngazi, nyuzi za mkonge zimejaa nywele zake, nikamshika bega nikamuuliza swali moja tu.

"Ilipokatika, ililia?"

"Nini, dada?"

"Kamba. Ilipiga kelele kabla haijakatika?"

Akatingisha kichwa. "Haikusema kitu. Tuliona tu robota linakuja."

Hapo nikajua ni kamba gani. Kabla ya mtu yeyote kwenda kuangalia lebo, nilijua.

Jumatano asubuhi tukaitwa ofisini, mimi na Rael. Bwana Mizani alikuwa amekaa, hakunyoa, na mbele yake kitabu chetu kimefunguliwa. Karani wa kiwanda, mtu wa kanisa, mpole, anayevaa tai hata siku za joto, ndiye alitueleza. Ofisa wa kazi wa serikali atakuja Ijumaa. Imeandikwa kitabuni kwamba roli ile ilipimwa kichwa na katikati, ikawa nzuri. Kama kamba ilikuwa nzuri, basi Barasa alifunga marobota mawili badala ya moja, na kosa ni lake. Kinachotakiwa ni waliopima waweke kidole gumba kando ya mstari, wote wawili, kushuhudia kwamba kilichoandikwa ndicho kilichofanyika.

"Na akiwa na kosa?" nikauliza.

Karani akanyoosha tai yake. "Mwenye kosa kiwanda hakimsafirishi, dada yangu. Asiye na kosa, kiwanda kinatoa sanduku na behewa mpaka stesheni ya kwao. Mwenye kosa anazikwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Unajua ni wapi."

Nilijua. Kila mtu wa landi alijua ule uwanja nyuma ya gereza, wanapolazwa wasio na mtu. Kwetu sisi mtu akilazwa pale ni kama hakuzaliwa. Hana mti nyumbani, hana mahali mama yake ataelekeza mkono aseme, mwanangu yuko pale. Mtu aliyesokota kamba miaka mitatu ili ajenge kwao angelala kati ya watu wasiojulikana, na juu yake imeandikwa kwamba alijiua kwa upumbavu.

Bwana Mizani akasukuma kile kisahani cha wino mbele. "Rael, weka dole." Rael akaweka. Hakuniangalia. Alibonyeza polepole, kama alivyokuwa akizungusha gurudumu, kisha akajifuta kwa kanga. Sikumlaumu siku ile, na sikumlaumu baadaye. Alikuwa na watoto watatu ndani ya chumba cha kiwanda, na maneno yaliyoandikwa kitabuni nilimtamkia mimi. Bwana Mizani akanigeukia. "Sasa wewe, masikio ya mbwa."

Nilisema, "Sikuikata katikati. Siweki kidole."

Hakupiga kelele. Alimwambia karani kitu kwa Kiingereza, na karani akanitoa nje, tukasimama chini ya mabati ya kukaushia mkonge. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama kaka, "Nekesa, fikiria. Ukikataa unasema nini? Unasema wewe ndiye uliyedanganya kitabu. Kazi imekwisha, landi imekwisha. Na yule mama, anayekuita mwanangu, atajua ni mkono wa nani. Ukiweka, unabaki mkamwana wake aliyefiwa. Utalia naye. Mtu aliyekufa amekufa, dada. Mpaka Ijumaa, fikiria."

Nikaenda nikafikiria. Msidhani nilikuwa shujaa, nyinyi wajukuu. Alhamisi nilikwenda kwa Mama Barasa kwa sababu kutokwenda kungekuwa ni kusema. Chumba kilijaa wanawake wameketi chini wameegemea ukuta. Kalenda ya ng'ombe walikuwa wameigeuza uso kwa ukuta. Mkeka wake ulikuwa nyuma ya mlango bado, umekunjwa, na hakuna aliyethubutu kukaa karibu nao. Mama Barasa alinishika mkono akanikalisha kando yake juu ya kitanda, mahali pa mke. Alinipa chakula, na hakikuwa samaki, kilikuwa mrenda. Alikuwa amekwenda relini asubuhi ile, mwanawe akiwa nyumba ya maiti, kwa sababu watu wamekuja na lazima wale.

"Wanasema alifunga mawili," alisema. Sauti yake ilikuwa imeisha, ilikuwa pumzi tu. "Barasa si mtu wa kufunga mawili. Alikuwa mwoga wa vitu vizito tangu mtoto. Mwanangu, wewe ndiye mwenye kupima. Kamba ile uliionaje?"

Nikaweka tonge mdomoni. Ndivyo nilivyojibu. Niliweka tonge mdomoni, nikatafuna, nikameza, nikachukua jingine, na yeye akanipapasa mgongo, akidhani ni uchungu. Nimefanya mambo mabaya kadhaa katika maisha yangu marefu, na la kitabu kile ni mojawapo. Lakini tonge lile ndilo linaloniamsha. Ugali wa mama wa mtu niliyemuua, na mkono wake mgongoni kwangu unanibembeleza.

Nitasema sasa yaliyofuata baadaye, ili nikimaliza nimemaliza. Barasa alikwenda kwao. Sanduku la mbao nzuri, behewa la nyuma, mama yake ameketi kando yake na shali ya kijivu. Nilisimama stesheni mbali, karibu na matangi ya maji, kwa sababu alikuwa amesema mbele ya watu wote kwamba nikikanyaga behewa lile atashuka yeye. Gari likaondoka, akapita mbele yangu, akaniangalia kama unavyoangalia mti unaopita dirishani. Sikumwona tena mpaka akafa. Shangazi yangu alifukuzwa landi kwa ajili yangu na hakunisamehe kwa haraka. Niliuza uji, nikafua nguo za watu, nikaolewa, nikazaa, nikajenga Kaptembwo wakati bado palikuwa na nafasi, na kila mtoto aliyepita mikononi mwangu nilimfundisha neno moja, kwamba kitu kikiandikwa kimepimwa kiwe kimepimwa. Sharon anafikiri amezaliwa na ukali ule. Wakubwa wake Olkaria wanamwogopa, aliniambia, kwa sababu hasaini bomba ambalo hajaligusa. Nilijivuna kiasi kwamba nilitoka nje nisionekane uso.

Na Rael. Tuliishi mji mmoja miaka yote hiyo, tukakutana kanisani, sokoni, katika harusi za watoto. Kila Krismasi alinitumia kuku. Hatukuzungumza jambo lile hata mara moja. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona hospitalini, amekuwa mdogo, mkono kama wa ndege. Alinitambua. Akatoa mkono wa kulia chini ya blanketi akaniinulia kidole gumba, akakiangalia, kisha akaniangalia mimi. Nikakishika kidole kile nikakifunga ndani ya mkono wangu. Tukakaa hivyo mpaka nesi akasema muda umekwisha. Nilitaka kumwambia, kidole kilikuwa chako lakini kisu nilikikataa mimi. Sikumwambia. Nilidhani nitarudi Jumapili.

Basi Ijumaa ile. Ofisi ilikuwa na viti viwili zaidi. Kimoja alikalia ofisa wa kazi, Mzungu kijana mwenye kofia magotini, na kingine, karibu na mlango, alikalia Mama Barasa. Sikuwa nimeambiwa kwamba ataitwa. Walimleta asikie kwamba kosa ni la mwanawe, aweke kidole chake naye, mambo yaishe. Aliponiona akasogeza kiti kidogo, kunipa nafasi nisimame karibu naye, kama mtu wake. Kitabu kilikuwa wazi. Kidole cha Rael kilikuwa pale kando ya mstari, cheusi, kimekauka. Kando yake nafasi tupu.

Karani akatafsiri maneno ya ofisa. Je, mimi ndiye niliyepima? Nikasema ndiye. Je, kilichoandikwa hapa ndicho kilichofanyika? Bwana Mizani akasukuma wino mpaka ukagusa mkono wangu. Nilihisi macho ya Mama Barasa shavuni kwangu, yana matumaini, maana alidhani nimekuja kumtetea mtoto wake, na ni kweli nilikuwa nimekuja kumtetea, na alikuwa karibu kujua kwa bei gani. Nilimgeukia yeye, sio ofisa. Nilitaka asikie kutoka mdomoni kwangu, sio kwa karani.

Nikasema, "Sikuikata katikati. Siweki kidole."